Kikundi cha mwani Mkinga: tununue simu janja, kishikwambi au laptopu?

Katibu wa Mwani (Mkinga, Tanga)

Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani huku pwani ya Mkinga. Kumbukumbu zetu zote ziko kwenye kaunta buku moja: nani kaleta kilo ngapi za mwani mkavu, ni mwani wa aina ya spinosamu au kotonii, kalipwa ngapi, bado anadai ngapi, kachukua kamba za mkopo kiasi gani. Masika hii kaunta buku lililowa, wino ukatapakaa kurasa nzima, na tukaingia kwenye mabishano ya nani anadai nini.

Sasa tumejichanga. Kijana mmoja aliyesomea kompyuta ametushauri tuhamie kwenye kompyuta za kutembea nazo. Katutajia simu janja, kishikwambi na laptopu, na akasema kila kitu kitakaa "kwenye wingu". Wenzangu wote wananitazama mimi.

Naomba anayejua anieleze taratibu: mambo haya ni nini hasa, vifaa vyake ni vipi, na ubaya wake ni upi? Ubaya ndio nautaka zaidi, uzuri nimeshaelezwa vya kutosha. Tunapimia ufukweni, jua kali, mikono ina chumvi. Mtandao barabarani unashika vizuri, chini ufukweni mpaka usogee huku na huku. Na kuna wakati simu inaleta mtandao wa Kenya.

Fundi wa Ngamiani (Tanga mjini)

Salaam dada katibu. Umeuliza vizuri, maana wengi hunifuata na swali la ubaya wakati simu imeshakufa. Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, na wateja wangu wengi ni watu wa maji: wavuvi wa Sahare, akina mama wa dagaa, mabaharia wa majahazi. Nitakueleza kwa ninayoyaona mezani.

Kwanza, usianzie kwenye kifaa. Simu uliyoshika ni sehemu moja tu ya mambo haya. Kuna chombo cha mkononi, kuna mawimbi yanayokiunganisha na wengine, halafu kuna kompyuta kubwa ambazo hazitembei kabisa, zimefungwa kwenye jengo lenye umeme na viyoyozi, na huko ndiko data inakokaa. Hizo ndizo kijana wenu anaziita wingu. Ukiandika kilo 32 za mwanachama pale ufukweni, taarifa inaruka hadi mnarani, inashika waya wa faiba, na mara nyingi inapita chini ya bahari kwenda nchi nyingine. Njia ikikatika popote hapo katikati, umebaki na kioo mkononi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ilisumbua nchi nzima, hata kwa mtu mwenye chaji iliyojaa na bando tele. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa huyo kijana liwe hili: mtandao ukikosekana, hiyo programu yake itaendelea kuandika? Kama jibu ni hapana, msimpe hata shilingi.

Vifaa sasa. Safari yake ni ndefu. Kompyuta ya Osborne 1 ya mwaka 1981 iliuzwa kama kompyuta ya kubebeka, na ilikuwa na uzito wa kilo kama 11, haina betri ndani, unaibeba kama cherehani kwenye sanduku lake. Motorola DynaTAC, simu ya mkononi ya kwanza kuingia sokoni mwaka 1983, ilikupa kama nusu saa ya maongezi baada ya kuchajiwa saa nyingi. iPhone ikaja 2007, simu ya kwanza ya Android 2008, na tangu hapo kompyuta kamili imekuwa kitu cha kutia mfukoni.

Laptopu ni nzuri kwa kazi ya mezani: kuandika ripoti, kupanga hesabu za mwaka, kuchapa barua ya benki. Ufukweni msiipeleke. Ina matundu mengi, chembe za mchanga zikiingia kwenye feni au chini ya vitufe, ni kazi ya kufungua yote. Kishikwambi kina kioo kikubwa na kinasomeka vizuri, ila kioo hicho kikipasuka, kupata kingine cha aina hiyohiyo hapa Tanga si rahisi kama kioo cha simu inayouzwa sana. Simu janja inaingia mfukoni, vipuri vipo, na kila mmoja wenu keshazoea kuishika. Na msikidharau kitochi. Kinakaa na chaji siku kadhaa, kinapokea meseji, na huduma zile za kubonyeza nyota na reli (* na #) hazihitaji bando.

Ubaya wenyewe ndio huu.

Betri. Karibu zote siku hizi ni za lithiamu-ioni, aina iliyoingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony. Adui yake mkubwa ni joto. Nyingi zimetengenezwa zibaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko kama 500, lakini ukiiacha simu juani juu ya turubai la kuanikia mwani, hesabu hiyo haipo tena. Simu nyingi hukataa kabisa kupokea chaji zikipata moto, kwa hiyo msije mkalaumu chaja. Jambo jingine ambalo watu hawalijui: mnara ukiwa mbali, simu hulazimika kupaza mawimbi yake ili isikike huko. Hapo ndipo chaji inapoishia. Kwa ufukwe kama wenu, iwekeni hali ya ndege wakati wa kupima, mwandike, kisha muwashe mtandao mkishapanda barabarani. Mtashangaa chaji inavyodumu.

Kioo na mikono. Kioo cha simu janja kinahisi umeme mdogo wa kidole. Maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme, hivyo tone likitulia juu yake, kioo kinajibonyeza chenyewe au kinagoma. Anayeandika asiwe yuleyule anayebeba magunia. Awe na kitambaa kikavu, akae kivulini, maana juani atalazimika kupandisha mwanga hadi mwisho na hapo betri inaliwa tena.

Chumvi. Hapa nataka nikae kidogo. Wiki hii nimefungua simu ya mvuvi, kwa nje safi kabisa, kava limeenea. Nikaiweka chini ya lenzi: kwenye tundu la chaji pini mbili zimeliwa, na pembeni ya kiunganishi cha betri kuna unga wa kijani uliotambaa hadi kwenye chipu. Haikuzama, ilikuwa inashikwa na mikono yenye maji ya bahari na kuchomekwa chaja hivyohivyo. Umeme ukipita penye chumvi na unyevu, shaba inalika haraka sana. Na zile alama za IP68, za kuonyesha simu inahimili maji, ambazo watu wanazitegemea, hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwenye simu mpya ambayo haijawahi kufunguliwa. Ikianguka baharini: izime, usiichomeke, usiifukie kwenye mchele (mchele hauondoi chumvi, unaongeza vumbi), ilete kwa fundi siku hiyohiyo aioshe kwa spiriti kabla chumvi haijakauka ndani.

Mtandao wa Kenya. Simu hushika mnara unaosikika, haijui mpaka. Nendeni kwenye mipangilio mzime romingi ya data (kutumia intaneti kwenye mtandao wa nchi nyingine), kisha mchague mtandao wenu kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague. Mkisahau hilo, vocha inaweza kuisha hata kabla hamjatuma chochote.

Maoni yangu: simu janja mbili za aina moja, si za bei ya juu, ili moja ikifa, kioo au betri yake ihamie kwa nyingine. Pawabenki moja na paneli ndogo ya sola. Laptopu isubiri.

Karani wa zamani (Bagamoyo)

Nakubaliana na fundi, ila kuna kitu kinachoumiza kuliko betri, nacho ni makosa ya kuandika. Nilikuwa karani kwenye Sensa ya Agosti 2022, ile tuliyotumia vishikwambi. Tulipita nyumba hadi nyumba, dodoso linajazwa palepale na kukaa ndani ya kifaa hadi upate mtandao wa kutuma. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kidole. Kioo ni kidogo, vitufe vimebanana, umechoka, na namba isiyo sahihi inaonekana safi kama iliyo sahihi. Kwenye karatasi ukikosea unaona umefuta. Kwenye kioo hakuna alama.

Kwenu nyie ni kilo 14.5 kuandikwa 145. Dada katibu, mwambieni kijana asiwatengenezee programu mpya kutoka mwanzo. Kuna ODK na kuna KoboToolbox, ni za kukusanya taarifa kwa simu za Android, zinaandika bila mtandao na kutuma baadaye, na zinakuruhusu kuweka mipaka. Mkijua mwanachama hawezi kuleta zaidi ya kilo kadhaa kwa mara moja, wekeni fomu ikatae namba inayozidi hapo. Majina yasiandikwe kila mara, yachaguliwe kwenye orodha, la sivyo mtu mmoja atajikuta ana majina matatu. Na mwenye kupima asome kilo kwa sauti kabla karani hajabonyeza kuhifadhi, mwenye mwani akiwa amesimama pale.

Simu mbili zikitumika siku moja, kila moja iwe na wanachama wake. Mkiandika mtu mmoja kwenye simu zote mbili mkiwa bila mtandao, mtakuja kuona kalipwa mara mbili.

Binti wa Chumbageni (Tanga mjini)

Mimi niongezee la usalama, maana fundi kagusa chombo na karani kagusa uandishi.

Kaunta buku likiibiwa, mwizi kapata karatasi. Simu ikiibiwa, kapata majina, namba za simu, pengine namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) za akina mama wote, na pesa za kikundi kama zipo kwenye laini hiyo. Wengi wanafunga kioo na kudhani wamemaliza. Mwizi hashughuliki na kioo. Anatoa laini, anaichomeka kwenye simu yake, na namba za uthibitisho zinaanza kumwingilia yeye. Wekeni namba ya siri kwenye laini yenyewe, ipo kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Mkikosea mara tatu inajifunga hadi mpate namba ya PUK, ile ya kufungulia laini, kwa hiyo iandikeni na mweka hazina akae nayo nyumbani. Laini ya pesa za kikundi iwe kwenye kitochi kinachobaki nyumbani, isiende ufukweni kabisa.

Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za watu si za kukusanya hovyo. Kama hamhitaji namba ya NIDA kupima mwani, msiiandike. Na muulizeni huyo kijana akaunti ya hilo wingu ni ya nani. Iwe kwa jina la kikundi, nywila mjue watu wawili. Kijana akipata kazi Dar akaondoka na akaunti, kumbukumbu zenu zimeondoka naye.

Katibu wa Mwani (Mkinga, Tanga)

Nawashukuru sana, hili la akaunti hatukuwa tumelifikiria kabisa, na kweli kijana alishaanza kuifungua kwa jina lake.

Nina moja limebaki. Wanachama wetu wengi wana vitochi, na kuna mabibi wasiosoma vizuri. Kwenye kaunta buku mtu alikuwa anakuja anaona mstari wake, anaweka dole gumba. Sasa tukihamia kwenye simu, yeye anaona nini? Naogopa watasema katibu kaficha hesabu kwenye kioo.

Fundi wa Ngamiani (Tanga mjini)

Hofu yao ni ya haki dada, na isipojibiwa hakuna simu itakayowafaa.

Kila baada ya kupima, mtumie mwenye mwani meseji ya kawaida: tarehe, aina, kilo, anachodai mpaka leo. Vinaenea kabisa kwenye herufi 160 za meseji moja, na kitochi chochote kinapokea. Asiyesoma atasomewa na mjukuu nyumbani, mtu anayemwamini yeye. Faida nyingine ni kwamba simu zenu zikizama zote mbili, hesabu ipo kwenye simu za wanachama, mnaweza kuijenga upya. Kununua vifurushi vya meseji ni gharama ndogo ukilinganisha na ugomvi wa kilo.

Kaunta buku msilitupe bado. Endeni navyo vyote viwili mpaka mavuno kadhaa yapite na hesabu zilingane, na dole gumba liendelee. Na hiyo akaunti ya kijana ibadilishwe jina kabla hamjaingiza hata kilo moja.

Siku mkija mjini kununua, kabla ya kulipa bonyezeni *#06# kwenye simu yenyewe. Itatokea namba ya utambulisho wa simu (IMEI), ya tarakimu 15. Ilinganisheni na ya kwenye boksi, halafu itumeni kwa meseji kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, muone jibu linataja aina ileile ya simu. Mwaka 2016 simu feki zilizimwa nchini, na bado kuna wanaojaribu kuziuza. Jina likija tofauti, rudisheni palepale dukani, msikubali kupunguziwa bei.

Katibu wa Mwani (Mkinga, Tanga)

Nimeandika yote. Kikao ni Ijumaa baada ya sala, nitawasomea wenzangu uzi huu kama ulivyo. Karani, kuna uwezekano wa kunionyesha hiyo fomu ya KoboToolbox ikiwa na orodha ya majina? Nina wanachama wa kujaribia, na mwani wa kupima upo.