Nimemaliza nusu marathoni ya kwanza. Zijazo nijiandikishe kamili au nirudie nusu?

Kisigino
Habari za humu wakuu. Jumapili nimemaliza nusu marathoni yangu ya kwanza, na sikutembea hata hatua moja isipokuwa kwenye vituo vya maji. Sasa kuna mbio nyingine nazitaka, zina nusu (kilomita 21) na kamili (kilomita 42), usajili unafungwa Ijumaa. Ukishalipa hela hairudi, wala hawaruhusu kuhama umbali baadaye. Moyo unataka 42. Mwenzangu ninayefanya naye mazoezi anasema nirudie nusu, nipunguze muda kwanza. Mliopita huko mnanishauri nini?

Mzee wa Lami
Hongera sana kijana. Lakini umeingia kwa daktari ukasema "naumwa", halafu ukanyamaza. Ulimaliza kwa muda gani? Kwa wiki ulikuwa unakimbia kilomita ngapi? Mazoezi yako marefu kuliko yote yalifika wapi? Na hizo mbio unazozitaka ni baada ya wiki ngapi? Bila hayo kila atakayekujibu atakuwa anasimulia habari zake mwenyewe.

Pumzi Mbili
Kamili. Mjadala umefungwa 😂 Mkuu, ukishafika 21 kwa miguu yako, 42 ni suala la kichwa tu. Mimi nilitoka nusu nikaenda kamili moja kwa moja na niko hai. Ukisubiri uwe tayari utazeeka unasubiri.

Mzee wa Lami
"Suala la kichwa tu" ndiyo maneno yanayojaza hema la huduma ya kwanza kuanzia kilomita ya 30 kwenda mbele. Huko tatizo si kichwa, ni wanga kuisha mwilini. Akiba ya misuli na ini inatosha nusu kwa watu wengi, hata ukiwa mzembe wa kula njiani. Kwenye kamili haitoshi.

Kisigino
Asanteni. Muda wangu 2:18 na ushei, wa chipu, ile wanayotufunga kupima muda kuanzia mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia. Kilomita tano za mwanzo umati ulinivuta nikawa naenda 5:50 kwa kilomita, sijisikii chochote, hadi ya 14 hivi nikawa najiona mfalme. Kuanzia 17 paja la nyuma likaanza kukaza, kasi ikashuka kupita dakika 7. Kuna watu niliowapita mwanzoni nikiwaonea huruma, wote wakanirudia, mmoja anapiga soga na mwenzake kabisa. Nilivuka mstari nimekasirika. Furaha ilikuja baadaye, nikishavua viatu.

Halafu swali dogo: saa yangu ilisoma kilomita 21.42. Ina maana waandaaji walizidisha njia? Kwa 21.1 ya saa yangu nilikuwa chini ya 2:17.

Hesabu Haidanganyi
Muda wako ni 2:18, usiukate kama kitambaa.

2:18 ni wastani wa 6:32 kwa kilomita. Kwa kanuni ya Riegel ya kukisia muda wa mbio, ukizidisha umbali mara mbili unazidisha muda kwa takriban 2.085, kwa hiyo kamili inakuja karibu 4:48. ILA kanuni hiyo inachukulia kwamba umejiandaa kwa umbali huo kama ulivyojiandaa kwa huu. Mtu wa kilomita chache kwa wiki huikosa kwa mbali sana, na wewe umeshaporomoka ndani ya nusu tu. Ukirudia mchezo wa 5:50 kwenye kamili, kilomita kumi za mwisho utazihesabu nguzo kwa nguzo.

Jambo lingine hujalisema: wanafunga njia baada ya saa ngapi? Mbio hazifanani. Kuna wanaokuvumilia zaidi ya saa 6, kuna wanaoanza kukusanya koni ukiwa bado unahema.

Dada Polepole
Mbona mnamtisha mtoto wa watu? Mdogo wangu, kimbia-tembea. Jeff Galloway, aliyeshiriki mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, ndiye aliyeieneza njia hii, kwa hiyo usidhani ni ya wavivu. Dakika nne unakimbia, moja unatembea, na unaanza hivyo TANGU kilomita ya kwanza. Ukisubiri uchoke ndipo utembee, hiyo si mbinu, hiyo ni ajali. Nimemaliza kamili kwa njia hii na kesho yake nilipanda ngazi.

Na hiyo ya "sikutembea hata hatua moja", nani alikuuliza?

Pumzi Mbili
Dada kwa heshima zote, kutembea si kukimbia. Mbio zinaitwa mbio.

Dada Polepole
Chipu haina mdomo, kaka. Haiulizi ulifikaje.

Ugoko
Naomba niandike kwa kirefu kabla hajalipa.

Mimi pia nilitoka nusu nikataka kamili. Nikajiunga na kikundi cha mazoezi chenye kocha anayegawa ratiba moja kwa watu wote, mwenye miaka kumi barabarani na aliyeanza juzi mnapewa karatasi ileile. Nilikuwa nimezoea kama kilomita 30 kwa wiki. Kabla mwezi wa pili haujaisha nilikuwa napita 60. Na nilijisikia vizuri ajabu! Mapigo ya moyo yalishuka, kupumua kukawa rahisi. Hapo ndipo mtego ulipo, maana moyo na mapafu vinazoea ndani ya wiki chache, mifupa na kano vinataka miezi. Mfupa unapojijenga unaanza kwa kuondoa sehemu ya zamani kabla ya kuweka mpya, kwa hiyo kuna kipindi unakuwa dhaifu kuliko mwanzo wakati wewe unajiona chuma.

Maumivu yakaanza kwenye ugoko wa kushoto. Nikamwambia kocha. Akasema kila mkimbiaji anaumwa ugoko, weka barafu, kaza. Sasa shikeni hili: maumivu ya kawaida ya ugoko yanasambaa, unaweza kupitisha kiganja chote pale pakawa panauma, na mara nyingi yanapungua mwili ukipata joto. Ya kwangu yalikuwa sehemu moja, naifunika kwa ncha ya kidole. Nikikimbia yanazidi. Mwishowe yakawa yananiamsha usiku nimelala tu. Nikaenda kupiga eksirei, ikatoka safi. Nikarudi kwa kocha na karatasi yangu safi, akacheka mbele ya watu, nikarudi barabarani. Ufa mdogo wa mfupa mara nyingi hauonekani kwenye eksirei mwanzoni, hilo hakuna aliyeniambia. Kipimo cha MRI ndicho kilichouonyesha, na wakati huo nilikuwa tayari natembea kwa kuchechemea hata ndani ya nyumba.

Magongo, buti la plastiki, kuogelea kwa chuki. Siku ya mbio nilikwenda kusimama kando ya barabara kushangilia kikundi changu. Kocha akapita, akaniinulia kidole gumba. Hadi leo nikikumbuka kile kidole mate yananikauka.

Kwa hiyo Kisigino, mimi sisemi nusu wala kamili. Nasema jibu maswali ya Mzee.

Pumzi Mbili
Pole sana Ugoko. Lakini hapo tatizo ni viatu. Ungevaa vile vyenye kibao cha kaboni ndani ya soli usingefika huko.

Ugoko
Nimeandika insha nzima kuhusu mfupa, umesoma viatu.

Mzee wa Lami
Pumzi Mbili, tuelewane kuhusu hivi viatu. Ule utafiti maarufu wa 2018 ulioonyesha nafuu ya wastani wa asilimia 4 kwenye nishati ulifanywa kwa wanaume wenye kasi, wakipimwa kwenye kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Mwenzetu hapa anakwenda kama 9. Ukipunguza kasi nafuu hainyooki hivyo, kuna wanaopata kidogo na kuna wasiopata kitu. Povu lake laini na soli nene kwa mtu ambaye kifundo chake hakijakomaa ni kuyumba tu. World Athletics wenyewe, wasimamizi wa riadha duniani, wameweka kikomo cha milimita 40 za unene wa soli kwa mbio za barabarani na kibao kimoja tu. Kinga ya mifupa haimo kwenye boksi la viatu.

Pumzi Mbili
Mimi nilivaa na nilikata dakika 9. Utafiti wangu huo.

Hesabu Haidanganyi
Na mazoezi uliongeza?

Pumzi Mbili
Kidogo.

Kona Kali
Narudi kwenye ile 21.42 maana imepitwa haraka. Njia iliyoidhinishwa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio, kwa mstari mfupi kuliko wote, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona. Halafu wanaongeza elfu moja ya umbali ili njia isije ikawa fupi, kwa nusu hiyo ni kama mita 21. Sasa wewe unakwenda nje ya kila kona, unapishana na watu, unavuka barabara kufuata maji. Mita 300 na ushei zinapatikana bila shida, na saa yenyewe inakosea kwenye majengo marefu na chini ya madaraja. Hakuna aliyekuibia. Ukipanga kasi, panga kwa 21.4 ya saa yako, vinginevyo utakosa lengo kwa dakika mbili hivi na utalaumu waandaaji tena.

Kisigino
Aisee. Kwa hiyo 2:18 ni 2:18.

Kona Kali
Ndiyo hivyo.

Chupa Mkononi
Mimi ushauri wangu ni mmoja: maji. Kunywa kila kituo, utake usitake. Ukisikia kiu umeshachelewa.

Mzee wa Lami
Hapana, hapana. Kwa watu wa saa nne na kuendelea huo ushauri ni wa hatari. Wanaokwenda polepole wana muda mrefu wa kunywa na hawatoki jasho kwa kasi ya wale wa mbele. Wakizidisha maji, sodiamu (chumvi) ya damu inashuka. Utafiti uliochapishwa 2005 uliwapima wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon ya 2002, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu chini ya kiwango. Waliokutwa na shida hiyo zaidi ni walioongezeka uzito njiani, yaani walikunywa kuliko walivyopoteza, na waliozidi saa nne barabarani. Kunywa ukisikia kiu. Na vidonge vya kutuliza maumivu aina ya ibuprofen asubuhi ya mbio usiguse, figo zina kazi ya kutosha siku hiyo.

Chupa Mkononi
Haya mwalimu. Mimi naendelea na chupa yangu.

Dada Polepole
Kisigino bado hujajibu. Wiki ngapi? Kilomita ngapi? Ulikula nini njiani?

Kisigino
Sawa dada. Zimebaki wiki 12. Kwa wiki nilikuwa kwenye 25 hivi, nikibanwa na kazi 20. Marefu kuliko yote mazoezini ni 16. Njiani nilikula jeli moja ya wanga, kilomita ya 10, tumbo likakoroga nikaacha. Njia wanafunga baada ya saa 6 tangu kuanza. Na goti la kulia linauma kidogo nikishuka ngazi, lakini nikipanda haliumi.

Ugoko
"Kidogo".

Mzee wa Lami
Haya ndiyo tuliyoyataka tangu mwanzo. Wiki 12, toa mbili au tatu za mwisho za kupunguza mzigo, toa moja sasa ya kupumzika, unabaki na nane hivi. Ndani ya nane utoke 16 ufike angalau 28 au 30, ukiwa na goti linalolalamika. Inawezekana kwenye karatasi. Ukipata mafua wiki moja, karatasi imechanika. Mimi ningerudia nusu, nianze kwa 6:40 na nimalize nikiwapita watu badala ya kupitwa.

Dada Polepole
Kwa kimbia-tembea na saa 6 za kufunga njia, anafika. Saa 6 ni zaidi ya 8:30 kwa kilomita. Lakini goti lionwe na mtaalamu kabla, hapo nakubaliana na Mzee. Na jeli zifanyie mazoezi, tumbo nalo linafundishwa. Anza na nusu jeli pamoja na maji, sio jeli kavu. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa.

Hesabu Haidanganyi
Nusu. Halafu kamili msimu unaofuata. Hesabu haipindiki kwa sababu usajili unafungwa Ijumaa.

Pumzi Mbili
Kamili. Goti linalouma nilianza nalo mimi, likapotea kilomita ya 12.

Ugoko
Lilipotea au ulianza kuumwa kwingine?

Pumzi Mbili
😂😂 Kwingine.

Kisigino
Jamani kuna jipya. Yule mwenzangu aliyeniambia nirudie nusu, nimeona jina lake kwenye orodha ya waliosajiliwa. Amelipa kamili.

Dada Polepole
Haaaa! Rafiki huyo au mpinzani?

Kona Kali
Muulize kwanza, huenda alilipa kabla hajakushauri.

Kisigino
Nimemuuliza, anasema "nilitaka iwe siri". Nimebaki nimeshika simu.

Mzee wa Lami
Usilipe mbio kwa sababu ya hasira.

Chupa Mkononi
Naulizia tu wakati tunamsubiri: kucha ya kidole gumba cha mguu imekuwa nyeusi tangu nusu yangu ya mwezi uliopita. Naitoboa au naiacha?

Kona Kali
Inauma?

Chupa Mkononi
Haiumi, ni mbaya tu kuitazama.

Ugoko
Iache, itadondoka yenyewe. Na viatu vyako ni vifupi, ongeza nusu saizi, miguu inavimba njiani.

Pumzi Mbili
Kaboni zina nafasi mbele.

Ugoko
Jamani.