Mjadala wa Aprili 2025, kabla ya drafti: Houston Texans waitumie nafasi ya 25 au waiuze?

Mleta mada

Wakuu, drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, inaanza Alhamisi ya 24 Aprili 2025 huko Green Bay, na Texans wetu wana nafasi ya 25 katika raundi ya kwanza. Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizunguke: waiuze. Washuke mpaka mwanzoni mwa raundi ya pili, wapokee nafasi za ziada, halafu wakizijumlisha na zile za 58, 79 na 89 walizonazo tayari, watoke na walinzi wawili wa laini ya mbele, wale wanaomkinga mrushaji mpira asipigwe. Mmoja hatoshi.

Kwa wanaoanza kuufuatilia mchezo huu: drafti ndiyo njia ya timu 32 kugawana wachezaji wanaotoka vyuoni. Zilizofanya vibaya huchagua mwanzo, bingwa huchagua mwisho, raundi saba. Zamu yako ni mali yako. Unaweza kuiuza, unaweza kuiunganisha na nyingine ukapanda juu, unaweza hata kulipia leo kwa zamu yako ya mwaka kesho. Na ugomvi wote wa mashabiki huanzia hapo: tupande kumfuata mtu mmoja, au tushuke tupate wengi?

Kwa nini walinzi? Msimu uliopita kwotabeki wetu, yaani mrushaji mpira, C.J. Stroud aliangushwa na mpira mkononi mara 52. Katika ligi nzima ni Caleb Williams wa Chicago tu aliyempita, kwa mara 68. Kule Kansas City tarehe 18 Januari, tulipotolewa na Chiefs 23 kwa 14, Stroud alilazwa chini mara nane kwenye mechi moja. Huyu ndiye kijana ambaye mwaka wake wa kwanza alirusha yadi 4,108 na kunyang'anywa mpira hewani mara tano tu. Mwaka wa pili zikawa mara 12. Mkono ni uleule. Kilichobadilika ni muda anaoachiwa kabla ya kupigwa.

Na balaa hili si la jana. Timu ilipoanza kucheza 2002, mchezaji wa kwanza kabisa kuchukuliwa alikuwa mlinzi, Tony Boselli kutoka Jacksonville, tayari ana bega bovu. Hakucheza hata mechi moja kwa Houston. Miezi miwili baadaye wakamchagua David Carr nafasi ya kwanza, wakamsimamisha nyuma ya laini isiyo na Boselli, akaangushwa mara 76. Rekodi hiyo ya msimu mmoja haijavunjwa mpaka leo. Deshaun Watson, 2018, mara 62. Sasa Stroud. Makwotabeki watatu wa raundi ya kwanza, na wote watatu wamekula kipigo kilekile.

Rudieni kutazama ile mechi ya Chiefs, macho yaacheni kwa walinzi, msifuate mpira. Wavamizi wawili wa timu pinzani, wanaomwinda kwotabeki, wanaanza bega kwa bega. Wa kwanza anakatiza ndani kwa nguvu, anamvuta mlinzi wake. Wa pili anazunguka nyuma yake na kuibukia pale palipobaki wazi. Dawa yake ni walinzi wawili kukabidhiana: wewe chukua wangu, mimi nachukua wako, na yote hayo kabla hujahesabu mbili. Walinzi wetu msimu mzima wote wawili walikuwa wanamfuata mtu mmoja, na yule mwingine anapita bila kuguswa.

Machi hii uongozi umebomoa laini. Laremy Tunsil ameuzwa Washington, Kenyon Green ameuzwa Philadelphia, Shaq Mason ameachwa. Wameletwa Cam Robinson, Laken Tomlinson, Trent Brown na Ed Ingram, watu wa kuziba pengo la mwaka mmoja au miwili. Wa kujenga nao miaka mitano hawaonekani.

Sasa kwa nini kuuza, badala ya kumchukua mlinzi mmoja bora pale 25? Kwa sababu hakuna anayejua yupi ni bora. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili ndiye aliyekuja kupewa Nobel mwaka 2017, walichambua drafti za miaka mingi. Walipolinganisha wachezaji wawili wa jukumu moja waliochaguliwa mmoja akimfuatia mwenzake, yule wa mbele alimzidi wa nyuma kwa asilimia 52 ya mara. Hiyo inakaribia kurusha sarafu. Kama kila zamu ni kubahatisha, mimi nataka zamu nyingi.

Nawasilisha. Karibuni.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, heshima yako, ila hapa unatupoteza. Timu hii imesimama tena kwa sababu ilithubutu kupanda.

Tukumbushane. Tarehe 8 Januari 2023, mechi ya mwisho ya msimu, Indianapolis. Tukipoteza tunapata nafasi ya kwanza ya drafti. Zimebaki sekunde 50, jaribio la nne ambalo ndilo la mwisho, yadi 20 za kwenda, Davis Mills anarusha mpira mrefu na Jordan Akins anaudaka ndani ya eneo la bao. Wanaongeza pointi mbili, tunashinda 32 kwa 31. Usiku huohuo kocha Lovie Smith akafukuzwa, na nafasi ya kwanza ikaenda Chicago, ambao waliiuza Carolina. Mashabiki wengi tulilia kwamba tumejichongea. Drafti ilipofika Carolina wakamchukua Bryce Young, sisi nafasi ya pili tukampata Stroud.

Dakika chache baadaye meneja wetu mkuu Nick Caserio akapanda mpaka nafasi ya tatu kumfuata mvamizi Will Anderson. Aliwapa Arizona nafasi ya 12, ya 33, raundi ya kwanza ya 2024 na raundi ya tatu ya mwaka huohuo. Wataalamu wakasema ameibiwa. Msimu ulipoisha, tuzo ya mgeni bora, yaani mchezaji wa mwaka wa kwanza, wa ushambuliaji ilikwenda kwa Stroud, ya ulinzi kwa Anderson. Tukatwaa ubingwa wa kundi letu, tukawapiga Cleveland 45 kwa 14 kwenye mtoano. Kuna shabiki hapa angependa kurudishiwa zile nafasi nne?

Halafu angalia tulivyofanya tuliposhuka. 2022 tulikuwa na nafasi ya 13. Tukawauzia Eagles wa Philadelphia, tukarudi 15, tukapewa vinafasi vitatu vya chini. Nafasi ya 14 Baltimore wakambeba Kyle Hamilton, leo ni miongoni mwa mabeki bora wa nyuma wa ligi. Sisi pale 15 tukamchukua Kenyon Green, ambaye wewe mwenyewe umetuambia ameshauzwa.

Na 2024? Tuliwauzia Minnesota nafasi ya 23. Pale 42 tukampata Kamari Lassiter, sikatai, ni kijana mzuri. Lakini ile raundi ya pili ya 2025 tuliyopewa juu yake iko wapi? Ilikwenda Buffalo kumnunua mdakaji Stefon Diggs. Kacheza mechi nane, goti likakatika, kisha akahamia New England. Nafasi za ziada zinapendeza kwenye karatasi, ila kwa timu hii huwa hazikai.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza jambo ambalo wote wawili mmeliruka, la mkataba. Mchezaji yeyote wa drafti husaini miaka minne. Wa raundi ya kwanza peke yake ndiye ambaye timu ina haki ya kumwongezea mwaka wa tano kwa uamuzi wake. Ukiuza 25 ukashuka 34, umeutupa mwaka huo. Na ni nani anayekomaa polepole kuliko mlinzi wa laini? Wengi huanza kueleweka mwaka wa tatu. Unamfundisha wewe, akishaiva anakwenda sokoni.

La pili, wapo mashabiki wanaosema Texans hawawekezi kwenye laini; mimi siikubali kauli hiyo. Hesabuni: Tytus Howard raundi ya kwanza 2019. Max Scharping raundi ya pili mwaka huohuo. Green raundi ya kwanza 2022. Juice Scruggs raundi ya pili 2023. Blake Fisher raundi ya pili 2024. Watano hao ndani ya miaka sita, wote wa raundi mbili za juu! Howard tu ndiye aliyejijenga jina, na hata yeye wamemhamisha ndani na nje kila msimu kana kwamba hana kazi maalumu. Ukileta vijana wengine wawili ukawatia kwenye nyumba ileile, utapata matokeo yaleyale. Bobby Slowik aliyekuwa akiongoza ushambuliaji ameondolewa, kocha wa laini naye ameondolewa, Nick Caley ameletwa kutoka Rams ya Los Angeles kushika nafasi ya Slowik. Mimi nawapa hao muda kwanza. Mambo ya kukabidhiana wavamizi uliyoyaeleza vizuri hapo juu yanafundishwa uwanjani Jumatano na Alhamisi.

Mchangiaji wa nne

Mimi nakaa Houston, upande wa kusini-magharibi, na mtaani kwetu Wakongomani na Wakenya hukusanyika kuangalia mechi. Naomba niseme jambo moja. Tarehe 21 Desemba tulimwona mdakaji wetu Tank Dell anadaka bao kule Kansas City na hapohapo anagongana na mwenzake, goti linaharibika. Stroud alipiga magoti uwanjani akalia machozi. Diggs ameondoka. Christian Kirk kaja, lakini mdakaji wa uhakika tuliyebaki naye ni Nico Collins peke yake. Walinzi wawe hata chuma, mpira atamrushia nani? Mimi nafasi ya 25 nataka mdakaji, basi.

Mleta mada

Ndugu zangu, asanteni, hoja ni nzito. Naanza na ya Anderson kwa sababu ndiyo inayorudiwa kila mahali. Ule ulikuwa mpando wa kwenda nafasi ya tatu, kumfuata kijana aliyetajwa kila upande kuwa miongoni mwa wawili watatu bora wa mwaka wake. Pale 25 hakuna Anderson. Ukitaka kupanda kutoka 25 mwaka huu utafika 15 au 16, utalipa raundi ya pili na ya tatu zako, na utampata mtu ambaye wenzako 14 wamempita. Na zile nafasi tulizotoa 2023 zilikuwa na thamani. Ya 33 ndiyo nafasi aliyochaguliwa DeMeco Ryans mwenyewe mwaka 2006, akawa mgeni bora wa ulinzi mwaka huohuo, na leo ndiye kocha wetu mkuu. Mwanzo wa raundi ya pili wapo watu.

Kama tunazungumzia kupanda na kulipa, basi tuizungumzie na 2019. Tulimnunua Tunsil kutoka Miami kwa raundi ya kwanza mbili na raundi ya pili moja. Mlinzi mzuri, sitamsema vibaya. Lakini 2020 tukashinda mechi nne tu, na nafasi ile ya Miami ikageuka kuwa ya tatu kwa ligi nzima. Drafti ya 2021 tulikaa tukitazama wenzetu wakichagua mpaka nafasi ya 67 ndipo jina letu likaitwa, tukamchukua Davis Mills. Miaka miwili mfululizo baada ya hapo tukashinda nne, kisha tatu. Tunsil alisimama kushoto imara kabisa, huku waliobaki wakibomoka.

Suala la Green na Hamilton linauma, lakini kosa lile silitupi kwenye kushuka hatua mbili. Walipokaa pale 15 walikuwa wanatafuta mlinzi, na walinzi walikuwepo: Tyler Smith alikwenda Dallas nafasi ya 24, Tyler Linderbaum alikwenda Baltimore nafasi ya 25. Wote wamefika Pro Bowl, heshima ya nyota wa ligi. Texans walipiga kete moja juu ya mtu mmoja, ikakataa. Wangeshuka zaidi na kuchukua wawili, uwezekano wa kukosa wote ungepungua.

Mwaka wa tano ni hoja ya kweli, na ndiyo inayonifanya nisikubali kuuza kwa bei yoyote ile. Ila tuangalie umetusaidia nini: Green ameuzwa kabla hata ya tarehe ya mwisho ya kuamua kama aongezewe. Kuhusu mafunzo nakubaliana kabisa na mchangiaji wa tatu, na ndiyo sababu nataka wawili waingie pamoja. Kukabidhiana mvamizi kunataka watu waliozoeana, kila mmoja anajua mwenzake atakanyaga wapi. Msimu uliopita laini yetu ilipangwa na kupanguliwa karibu kila mwezi. Robinson na Tomlinson hawatakuwepo 2027 kucheza bega kwa bega na mtu yeyote.

Na kaka wa Houston, mdakaji umpate, sikukatalii. Collins mwenyewe alichaguliwa raundi ya tatu, nafasi ya 89, ileile tuliyonayo mwaka huu. Dell naye raundi ya tatu. Tukishuka tukapata zamu moja zaidi, tunaweza kumchukua mdakaji wa kwanza na walinzi wawili nyuma yake. Tukibaki 25 itabidi tuchague kati ya hivyo viwili.

Sasa bei. Kuna mizani ya pointi ambayo kocha Jimmy Johnson aliitumia akiwa Dallas mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mameneja bado huanzia hapo wanapopiga simu. Nafasi ya 25 ni pointi 720. Ya 33, ya Cleveland, ni 580. Ya 34, ya New York Giants, ni 560. Timu zote mbili zina shida ya kwotabeki, na mwenye shida hiyo hulipa zaidi ya mizani kwa sababu anaogopa kutanguliwa, tena anautaka ule mwaka wa tano kuliko yeyote. Kwa hiyo mimi nadai raundi ya pili yao, raundi ya tatu ya mwaka huu, na nyingine ya tatu ya mwaka ujao. Wakikataa hiyo ya mwaka ujao, Caserio akate simu na tumchague mlinzi bora aliyebaki pale 25. Mchangiaji wa pili, kwa bei hiyo bado ungegoma?