Bamba linaloongoza mtetemo kwa topolojia: nianze na saketi za pizo au boliti?

Mwanamitambo: Wakuu, habari zenu. Niko kwenye mradi wa kumalizia shahada. Nina bamba jembamba la alumini lenye mpangilio wa sega la nyuki, kila kitengo kina diski mbili za pizo (kauri inayogeuza mtetemo kuwa umeme na umeme kuwa mtetemo), A na B. Moja naiunganisha na saketi ya kapasitansi hasi (inayofanya kazi kinyume cha kapasita ya kawaida), ugumu wa bamba pale unabadilika, pengo la bendi, yaani masafa ambayo mawimbi hayapenyi ndani ya bamba, linafunguka. Upande wa kushoto nawasha A, wa kulia B, na mawimbi yanafuata mpaka wa pande hizo; hiyo ndiyo topolojia yenyewe, mpangilio wa pande mbili ndio unaoyashikilia mpakani. Uzuri ni kwamba mpaka nauhamisha kwa swichi tu. Tatizo: kwenye kompyuta pengo ni jembamba mno, na saketi ya majaribio inapiga kelele yenyewe kabla sijatikisa chochote. Msimamizi anataka nibadili mada. Mnanishauri nini?

Kiini: Usibadili mada, badili mwanzo. Weka boliti na nati badala ya diski, A nzito na B nyepesi, kisha kinyume chake upande wa pili. Utapata mpaka uleule bila umeme. Süsstrunk na Huber mwaka 2015 walionyesha mawimbi ya ukingoni kwa pendulamu na springi tu.

Opampu: Hiyo kelele ni kawaida, mkuu. Kapasitansi hasi hufanya kazi vizuri zaidi inapokaribia ile ya diski yenyewe, na hapohapo ndipo saketi inapokosa uthabiti. Diski hazilingani, na gundi inazibadilisha tena. Pima kila moja *baada* ya kubandika, uipe rezista yake ya kurekebisha. Halafu weka rezista kubwa sambamba na kapasita ya rejea, la sivyo volti ya DC inapanda taratibu hadi opampu (kikuza-ishara cha saketi) inagota kwenye kikomo chake.

Mgeni77: Sasa topolojia si inalinda kila kitu? Mbona hofu yote hii?

Kiini: Hailindi kila kitu. Kwa aina hii ya topolojia, wimbi linakata kona ya nyuzi 120 bila kurudi nyuma sana, lakini kasoro ndogo na kali, kama tundu lililokosewa, inaweza kulirudisha. Na mdhoofisho wa mtetemo unaendelea kulila kama kawaida, ndiyo maana plastiki ya printa ya 3D, inayonyonya mtetemo sana, inawaangusha wengi.

Mwanamitambo: Asanteni. Na pengo jembamba je?

Kiini: Hilo ndilo la kuumiza kichwa. Pengo likiwa jembamba, wimbi linatapakaa mbali na mpaka, linafika kingo za bamba na kurudi. Ongeza vitengo kila upande, zungushia kingo mpira wa kunyonya mtetemo. Ila kwanza zima saketi zote: A na B zikilingana, pengo lazima lifunge kabisa. Likibaki wazi, angalia modeli yako kabla ya kununua opampu nyingine.

Mwanamitambo: Nimezima zote kwenye modeli. Halifungi. Narudi kwenye wavu wa elementi, vile vipande vidogo ambavyo kompyuta inaligawa bamba.