Naomba ushauri: saa ya mpingo ni kifo au ni uoga?

Wakuu habari zenu, nina insha ya chuo kuhusu ile hadithi fupi ya mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe ya 1842, "The Masque of the Red Death", mwanamfalme Prospero anajifungia na wageni 1,000 kukimbia tauni. Vyumba saba, cha mwisho cheusi tii na vioo vya madirisha vyekundu kama damu, humo kuna saa ya mpingo, ikigonga tu wanamuziki wanaacha kupiga, wanaocheza wanasimama, ikinyamaza wanacheka kama hakuna kitu. Mi naona saa ndo kifo chenyewe, mwenzangu anabisha eti ni uoga wao tu, kifo ni yule mgeni wa kinyago anayetokea kwenye sherehe yao. Halafu mke wa Poe alianza kutema damu mwaka huohuo, niliingize hilo au lekchara atasema nimetoka nje ya mada? Mwisho wa kukusanya Ijumaa jamani.