Baba yangu hajawahi kuonja pombe, leo faili linasema ini lake ni la mlevi

Wakuu, uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Nina hasira na nikikaa nayo nitapasuka.

Baba ana miaka 68, haji, adhana ya alfajiri ikitoka yeye yuko safu ya mbele. Wiki mbili zilizopita daktari mmoja kijana kaangalia ultrasound, kaangalia majibu ya damu, halafu bila hata shikamoo kamuuliza huku mlango uko wazi na benchi zima linasikia: "Mzee, pombe unakunywa kiasi gani?" Baba akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Kwenye bajaji hakusema neno mpaka tunafika nyumbani.

Nirudi nyuma. Mwaka jana moyo wake ulianza kwenda ovyo, mara unakimbia, mara kama unaruka pigo. Tukampeleka hospitali (jina naliacha, uzi usije ukafutwa), akapigwa ECG na eko (vipimo vya moyo), akaandikiwa amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo. Wiki ya kwanza vidonge vitatu kwa siku, ya pili viwili, kisha kimoja cha miligramu 200 kila siku. Na tuseme haki, dawa ilifanya kazi. Alirudi kupanda ngazi za msikiti bila kushika ukuta. Sina ugomvi na dawa, wala na aliyemwanzishia.

Ugomvi wangu ni miezi 16 iliyofuata. Daftari lake la kliniki ninalo hapa mkononi. Mahudhurio matano, miandiko minne tofauti, na kila ukurasa ni presha, uzito, kisha herufi tatu: CST. Yaani endelea na dawa zilezile. Hakuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa apimwe ini. Hata tezi ya shingo haijapimwa, wakati zaidi ya theluthi ya uzito wa dawa yenyewe ni madini joto, ambayo yakizidi huivuruga tezi hiyo!

Mama ndiye aliyeshtuka. Anamnyoa ndevu uani, jua limempiga usoni, akaona macho yamekuwa ya njano. Kumbe mkojo nao ulishakuwa kama strungi na yeye kanyamaza, mnawajua wazee. Kupimwa, ALT (kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia) 214, na maabara yenyewe imeandika mwisho ni 40. Homa ya ini B hana, C hana. Tukaulizwa miti shamba, tukasema hatujampa. Basi ndipo likaja hilo swali la pombe. Dawa anayomeza kila siku, iliyoandikwa kwenye daftari lililo mezani kwake, hakuiuliza.

Jibu nilipewa na mfamasia wa mtaani kwetu, dada mmoja mpole. Alitoa boksi zima, akakunjua karatasi ya ndani, kubwa kama gazeti, akaweka kidole kwenye neno ini. Sasa jamani, sisi pale dirishani tunapewa vidonge kwenye kibahasha kimeandikwa 1x1 kwa biro. Boksi na karatasi vinabaki kwao. Miezi 16 sikujua kama kuna karatasi!

Na si siri mpya. Marekani waliiruhusu mwaka 1985 kwa wale ambao mapigo yao yanatishia uhai na dawa nyingine zimeshindwa, na huko ini limo kwenye onyo zito kabisa, pamoja na mapafu. Utaratibu unaotumika ni kupima ini kabla ya kuanza, kisha kila baada ya miezi sita. Vimeng'enya vikizidi mara tatu ya kawaida, dawa inapunguzwa au inasitishwa. Wengi vinapanda kidogo tu na hawasikii chochote, wanaoumia kweli ni wachache. Ndiyo maana unapima, kwa sababu mgonjwa hasikii kitu! Na lililonichoma zaidi: ini lililoharibiwa na dawa hii, hata likiwekwa chini ya darubini, linaweza kufanana na la mnywaji. Vitabu vinasema hivyo miaka na miaka. Halafu mtu anamdhalilisha babu wa watu mbele ya benchi.

Bingwa mwingine ameshamtoa kwenye hiyo dawa. Tukadhani ndiyo imeisha. Wapi! Inajificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa wastani inachukua kama miezi miwili ndipo nusu yake itoke. Juzi ALT ilikuwa 171. Anakula uji nusu bakuli, anajikuna usiku kucha.

NYONGEZA: Kuna mkuu kanifuata pembeni, mama yake anatumia hiyohiyo, anataka aiache leo. USIFANYE HIVYO. Moyo nao unaua. Mpeleke, dai kipimo cha ini na cha tezi, wakikuzungusha ng'ang'ania hapohapo mlangoni.

Mwenye uzoefu wa kuandika Baraza la Madaktari anieleze alianzaje na alijibiwa baada ya muda gani. Hela sitafuti. Nataka kujua kwa nini hakupimwa, na nataka lile neno "pombe" likatwe kwenye faili. Baba ameniuliza mara tatu wiki hii kama limeshakatwa.