Makohozi hayana TB, mkojo ndo umeonyesha, aanze dozi kweli?

MamaaWaPasua (Moshi): Wadau habari za jioni, naombeni msaada hapa nyumbani tumechanganyikiwa. Mdogo wangu anaishi na VVU, aliacha ARV muda mrefu, karudi kliniki juzi tu na CD4 (seli za kinga) zimeshuka mno. Amekonda, usiku jasho mpaka shuka unakamua, ila kukohoa ni kidogo sana. Makohozi wamepima hakuna kitu, wakachukua mkojo, dokta akasema ni TB aanze dozi leo leo. Sasa mkojo na kifua wapi na wapi? Halafu wamempa na kidonge cha ziada cha jioni, mama anasema watamuua figo. Ameze?

NesiSakina: Ameze dada, tena leo. Kinga ikishuka hivyo mapafu hayachimbiki mashimo kama ya mtu mwingine, bakteria wanaotoka kwenye makohozi wanakuwa wachache hata kipimo cha mashine ya GeneXpert kinaweza kisiwaone, kumbe wenyewe wameshasambaa kwenye damu na tezi. Vipande vya ukuta wao vinachujwa na figo, vinatoka na mkojo, kipimo cha LAM kinavidaka. Kusubiri makohozi yakubali ndo kunakotuzikia watu.

Kijana_Ngarenaro: Cha jioni ni dolutegravir miligramu 50, dawa ya VVU, si makosa. Rifampisini, dawa ya TB, inafanya ini liimalize hiyo dolutegravir haraka, kwa hiyo anameza TLD (kidonge cha ARV chenye dolutegravir ndani) asubuhi na hicho masaa 12 baadaye, mpaka wiki mbili baada ya kumaliza TB. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa msishtuke, ni hiyo hiyo rifampisini.

BabaNeema: Nyongeza, mimi tezi za shingo zilinivimba na homa ikarudi wiki chache baada ya ARV, kumbe kinga inaamka inapambana. Akipata hivyo arudi kliniki, asiache dawa kimya kimya. Na hapo kuna watoto?

MamaaWaPasua: Wapo wawili, mdogo ana miaka mitatu.

NesiSakina: Wote mwende mkachunguzwe, huyo mdogo msimcheleweshe kabisa, akikutwa hana TB anapewa dawa ya kinga.

MamaaWaPasua: Asanteni mno. Mama nimemsomea yote, kidonge kameza saa mbili hii, kesho asubuhi nawapeleka watoto.