Mjadala: RCA ilifanya sawa kuficha sura ya Charley Pride?

Wadau, kuna hoja inayorudiwa sana miongoni mwetu wapenzi wa kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani: kwamba kampuni ya rekodi ya RCA ilitumia busara mwaka 1966 kusambaza santuri za kwanza za Charley Pride redioni bila picha wala wasifu wake. Eti watangazaji wangezitupa kabla hata ya kuzisikiliza, kisa mwimbaji ni Mweusi. Mimi sikubaliani hata kidogo.

Kwanza, Pride hakuwa mgeni mbele ya Wazungu. Alizaliwa Sledge, Mississippi, wazazi wakilima pamba kwenye shamba la mtu, akacheza besiboli kwenye ligi za Weusi, kisha akahamia Montana kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini. Timu ya kiwanda ilimwongezea dola 10 aimbe kabla ya mechi, na usiku akawa anaimba kwenye baa. Watu wa huko walimsikia huku wanamwona.

Pili, mzigo wa usiri ule aliubeba nani? Chukueni Detroit, 1966, uwanja wa Olympia, watu kama 10,000. Jina la Pride linatajwa, makofi yanalipuka. Anatokea jukwaani, makofi yanakatika. Ikabidi yeye mwenyewe awatoe watu wasiwasi kwa utani kuhusu rangi yake, ndipo aanze kuimba. Kampuni ilipata mauzo, yeye akaachiwa ule ukimya. Hilo ndilo linaloniuma.

Na hofu yenyewe ilikuzwa. Ray Charles, mwimbaji Mweusi pia, alikwishatoa albamu ya nyimbo za kantri mwaka 1962, sura yake ikiwa kwenye jalada, na ikafika namba moja Marekani. DeFord Bailey, naye Mweusi, alipiga harmonika kwenye Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha redio cha muziki wa kantri, tangu miaka ya 1920. Najua mtasema Ray Charles aliuzwa kama mwimbaji wa pop, na redio za kantri hazikumjali. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Pride alisainiwa mwaka 1965 na Chet Atkins wa RCA, mmoja wa watu wenye ushawishi mkubwa kabisa Nashville, makao makuu ya muziki wa kantri. Angemtangaza waziwazi kuwa huyu ni mwimbaji wangu, ni vituo vingapi vingethubutu kumkatalia?

Mnaoitetea RCA, nijibuni hapo: kwa nini jina la Atkins lisingetosha?